Sanskrini Asubuhi, Fegi Jioni: Tunajidanganya

Wasee, leo wacha niseme hii kitu hata kama mtaninunia.

Juzi nilikuwa kwa mat na binamu yangu, tunatoka tao. Makanga akamwambia, "Mzee, songa kidogo, kijana wako akae." Kijana ndio mimi. Niko na miaka 22, yeye ako na 29. Mat nzima ilicheka, hata yeye akacheka. Lakini tukishuka akaniuliza pole pole, "Kwani nimezeeka hivyo?" Nikajifanya nasoma simu.

Huyu jamaa amevuta fegi tangu form two. Na mnajua ajabu? Ako na sanskrini na seramu ya vitamini C kwa bafu. Doh mob! Anapaka asubuhi, jioni anasimama kwa kibanda kununua fegi moja moja. By the way, sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza moja moja, lakini tuache hiyo.

Shida ni hii: seramu inapakwa juu, fegi inafanya kazi ndani. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, ngozi inakosa oksijeni. Moshi nao unavunja kolajeni, ile protini inashikilia ngozi ikae imara. Ndio maana mikunjo inakuja mapema kando ya macho na juu ya mdomo, na uso unafifia.

Na uso ni ile sehemu unaona tu. Mapafu hayana kioo. Kwa njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na makohozi. Moshi unavilemaza, uchafu unabaki, ndio unasikia kile kikohozi cha asubuhi. Ndani zaidi kuna vifuko vya hewa, na hivyo vikiharibika havirudi. Binamu yangu anaishi ghorofa ya nne. Siku hizi akifika ya pili anasimama, anajifanya anajibu meseji.

Halafu kuna wale wa "nitaacha nikifika 30." Buda, mwili haungoji besidei yako. Lakini pia haukunyimi nafasi. Ukiacha, kaboni monoksidi kwa damu inashuka ndani ya siku chache tu. Kati ya mwezi mmoja na tisa, kikohozi na kukosa pumzi vinapungua. Mikunjo ya zamani haitaisha yote, lakini hutaongeza mingine kwa sababu ya moshi.

Kama ni sura itakufanya uache, acha juu ya sura. Hakuna aibu. Mapafu yatakushukuru hata kama hukuyafikiria.

Bro, najua unasoma hii. Ile siku sikukujibu. Jibu ni ndio, umezeeka kidogo. Lakini bado uko na 29, na mimi nataka tupande hizo ngazi zote nne tukipiga story.