Samaki Hana Kosa

Mgeni akiingia kwetu hapa Kabati huziba pua kwanza, ndipo asalimie. Ni lile tangi letu la samaki! Kila Jumamosi kaka yangu humwaga maji yote, akasugua mawe kwa sabuni, akajaza upya. Mitungi miwili ya lita 20 iliyoletwa na punda, jamani! Kufika Jumatano, linanuka vilevile, na samaki wawili wameshakufa. Mama anasema tangi litoke.

Mimi napinga. Tunawaonea samaki bure. Kinachonuka ni ugali na mkate tunaowatupia ovyo. Huozea chini na kutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Kwenye mawe yale huishi bakteria ambao huigeuza amonia hatimaye kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Ukiwasugua kwa sabuni, umewafukuza mafundi wako mwenyewe.

Heri tulishe kidogo, chakula cha kumalizika kwa dakika mbili tu, tuondoe mabaki na kubadilisha robo ya maji kwa wiki. Yanayotoka tumwagie sukuma wiki, kwani nitrati ni mbolea.

Kaka ananicheka. Mama amenipa mwezi mmoja.