Bandari na Mikoko

Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na Kenya ikapata mlango mpya wa biashara. Ni jambo jema. Lakini meli kubwa hudai kina, na kina huchimbwa: tope hutibuka, matumbawe hufunikwa, mikoko hukatwa, samaki hukosa mazalio. Mwaka 2018, ujenzi ungali ukiendelea, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi milioni 1,760. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Walakini fedha huliwa zikaisha. Mikoko hulisha hata wajukuu. Basi twasema: mahali popote panapojengwa bandari, mikoko na ilindwe kabla ya shoka kuinuliwa, si baada ya mvuvi kwenda mahakamani.