Ukoko wa Guangzhou

Ikiwa wewe au jamaa yako huenda Guangzhou kununua bidhaa, basi mtaa wa Xiaobei unaujua. Huko Mwafrika hahisi ugeni sana, na mikahawa ya Waislamu haikosi. Wengi wetu hula papo hapo, ama hujipikia ugali kwa unga tuliobeba kutoka nyumbani. Nami nilikuwa vivyo hivyo hadi mwaka wa 2019, kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akisomea huko aliponiingiza kichochoroni na kuniketisha katika kihoteli cha meza sita.

Chakula chenyewe ni cha nyumbani, cha Wakantoni, wenyeji wa mkoa wa Guangdong. Pilipili usitarajie; hayo ni mambo ya watu wa Sichuan na Hunan. Samaki mzima hupikwa kwa mvuke, akatandazwa tangawizi na majani ya vitunguu, kisha akamwagiwa mafuta ya moto na mchuzi wa soya. Supu hutokota kwa saa tatu hivi. Lakini kilichoniteka mimi ni wali wa chungu. Mchele hupikiwa katika chungu kidogo, kitoweo juu yake, na moto huachwa uukaushe chini mpaka ushike ukoko. Naam, ukoko, ule ule tuliopigania utotoni!

Novemba 2024 nilirudi, na si kwa ajili ya njaa pekee. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo walifukuzwa katika nyumba walizopanga na kuzuiwa kuingia mikahawani, wakiwemo watu ambao hawakuwa wamesafiri popote. Yule kijana alilala nje siku mbili. Nilitaka kujua mama mwenye hoteli alifanya nini.

Meza bado ni sita. Mama alitutazama, akacheka, akaleta birika la chai ya kusuuzia bakuli na vijiti, kama ilivyo desturi yao. (Usiinywe hiyo, msomaji; mimi niliinywa mara ya kwanza.) Wali wa chungu wa kuku na uyoga ulikuwa yuan 18, sasa ni yuan 22, takriban shilingi 400. Jijini Nairobi, katika mikahawa ya Kichina yenye vitambaa mezani, pesa hizo hazikushibishi.

Tulipokuwa tukingoja, maana chungu huchukua dakika 20 na zaidi, nilimwambia kijana, "Muulize. Mwaka ule, ungekuja, angekufungulia?"

"Mama, mambo hayo yalipita," akanijibu.

"Muulize tu, mwanangu."

Akauliza. Mama aliendelea kupangusa meza iliyokuwa safi tayari. Kisha akasema maneno machache, na kijana akakawia kunifasiria.

"Anasema alifunga. Walikuja watu wa mtaa wakamwonya, akaogopa. Anasema aliniona nikipita na begi langu, akarudi jikoni."

Jambo hilo kijana hakuwa akilijua. Miaka minne amekuwa akila pale kila juma.

Sikujua niondoke au niketi. Aliyeamua ni yeye. Alichukua kijiko akaanza kukwangua ukoko, akanigawia nusu. Ulikuwa mkavu, wenye harufu ya moshi, umelowa mafuta ya kuku. Mama alileta supu ambayo hatukuagiza, ya mizizi ya yungiyungi na kuku, kwa kuwa anajua kijana hali nguruwe. Tuliinywa yote.

Tulipolipa, supu hakuihesabu. Niliacha noti ya yuan 20 chini ya bakuli, kwa kuwa sikutaka deni kwake siku hiyo. Hatujafika barabara kubwa tukasikia ndara zikikimbia nyuma yetu. Alikuwa yeye na noti yangu. Hakunipa mimi, alimtia kijana mfukoni, akarudi zake.