Vifaa vya pumzi: bei ya chini si unafuu

Msimu wa karafuu ukiwadia, Gando huhesabu magunia, lakini wapo pia wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Majeruhi aliyezimia huweza kuzibwa koo na ulimi wake mwenyewe, na dakika chache bila hewa hutosha kuharibu ubongo. Cha kwanza kinachohitajika kituoni ni mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, Ambu, uliotoka Denmark mwaka 1956. Hautaki umeme wala mtungi wa gesi.

Hospitalini, kwenye nusukaputi, ipo maski ya koo aliyoibuni Mwingereza Archie Brain mwaka 1981. Kuna ya kutupwa baada ya mgonjwa mmoja, na ya silikoni inayosafishwa kwa mvuke na kutumika hadi mara 40. Tuseme ya pili ni ghali mara kumi: kwa kila mgonjwa itagharimu robo tu ya ile ya kutupwa, kabla ya gharama ya kusafisha.

Ushauri wetu kwa waagizaji: tajeni bei kwa kila matumizi, leteni saizi zote, za watoto zikiwemo. Mnunuzi naye asipokee zabuni isiyo na hayo. Kifaa kisichomwenea mgonjwa ni hasara, hata kikitolewa bure.