Siha ya Nyumba Yetu: Ngiri na Kisu cha Tabibu

Mwezi huu nataka kusema juu ya maradhi ambayo wengi wanayo na wachache huyataja, nayo ni ngiri. Kilichonisukuma ni habari ya mzee mmoja jirani yetu, mchukuzi wa magunia, aliyekaa na uvimbe wa kinena miaka mingi akiufunga kwa kitambaa ndani ya shuka, akiona haya kumwambia hata mkewe. Siku moja uvimbe ulitoka ukakataa kurudi. Alitapika usiku kucha, na watu wa nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto wakidhani ni chango. Alipofikishwa hospitali asubuhi, kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kufa, ikabidi kikatwe. Alhamdulillahi yu hai; lakini kazi ambayo ingalikuwa ya saa moja tu iligeuka kuwa ya kufa na kupona.

Ngiri ni nini hasa? Tumbo la mwanadamu lina ukuta wa nyama unaoyashikilia matumbo mahali pake. Penye udhaifu katika ukuta huo, na kwa wanaume aghlabu ni kinenani, utumbo husukumwa nje mfano wa mpira wa ndani wa baisikeli unapochungulia penye tundu la mpira wa nje. Mtu akikohoa, akiinua mzigo au akijikamua chooni, uvimbe hutokea. Akilala chali, hurudi. Hatari kubwa huja pale tundu linapoubana utumbo hata damu isipite. Dalili zake ni uvimbe mgumu, wenye kuuma, usiorudi, pamoja na kutapika na kufunga choo. Hapo zinahesabiwa saa, si siku. Wala usiusukume kwa nguvu, wala usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha, mpeleke hospitali.

Sisi watu wa pwani huichanganya ngiri na busha. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani, na kwetu mara nyingi hutokana na minyoo ya matende ienezwayo na mbu. Busha kubwa nalo dawa yake ni kupasuliwa. Lakini asitokee mtu akakutoboa nyumbani ati ayatoe maji, maana pengine kilichomo si maji bali ni utumbo wako.

Wengi hukikimbia kisu. Nawaambia vijana kwamba elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, alitunga Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, ina michoro ya ala zake, na habari za ngiri zimo. Ilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, ikasomwa Ulaya kwa muda mrefu. Ila wagonjwa wake hawakuipata nusu kaputi tuijuayo leo. Mvuke wa etha ulionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Babu zetu walikuwa na haki ya kuogopa. Sisi hofu yetu haina uzito ule.

Siku hizi mgonjwa wa ngiri hulazwa usingizi, au hupigwa sindano ya ganzi mgongoni akawa macho asihisi maumivu. Tabibu hupasua kinenani, huurudisha utumbo ndani, kisha huuimarisha ukuta kwa nyuzi, na kwa watu wazima mara nyingi kwa kipande cha wavu. Wavu huo huuzwa ghali. Basi matabibu walifanya uchunguzi mashariki ya Uganda, ukatangazwa mwaka 2016, wakalinganisha wavu wa kiwandani na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa vidudu, kwa wanaume 302. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana sana. (Tafadhali, asiende mtu hospitali na chandarua chake kutoka kitandani!)

Kabla ya kupasuliwa mgonjwa huambiwa asile chakula, kwa kawaida saa sita, kwa kuwa akitapika usingizini chakula huweza kuingia mapafuni. Hii si saumu ya kuionea fahari wala ya kuifungua kwa siri kwa tende moja. Mke au mama anayemwonea huruma akampenyezea uji amemtia hatarini. Baada yake atembee mapema, lakini asiinue mizigo mizito kwa majuma kadhaa, kama atakavyoagizwa. Sala haimwondokei, bali ana ruhusa ya kusali kwa kukaa au kwa ishara. Na habari ya udhu penye bendeji amwulize sheikh wake.

Kuhusu watoto, akina mama washike tofauti hii. Kitovu kilichochomoza kwa mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe kabla hajafikia umri wa kwenda shule, na sarafu inayofungwa juu yake haisaidii kitu. Lakini ngiri ya kinena kwa mtoto haijifungi, nayo hubana upesi kuliko ya mtu mzima. Mtoto huyo apelekwe kwa tabibu bila kungoja akue.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya mtoto wa jicho.