Jinsia na Mizigo Yake Mitatu

Kuna neno linaloteswa Dodoma, nalo ni jinsia. Wizara imelibandika katika jina lake likiwa na maana ya haki baina ya wake na waume. Polisi wana madawati ya jinsia kwa ajili ya waliopigwa na waliobakwa. Kisha wafasiri wa maazimio ya mataifa wakaliongezea mzigo: "utambulisho wa kijinsia" na "mwelekeo wa kijinsia". La kwanza lahusu namna mtu anavyojijua nafsini mwake. La pili lahusu nani moyo wake unamtamani. Mtu alivyo na mtu ampendaye wamefungwa kamba moja. Mshairi akirudia neno lile lile kwa maana tatu katika ubeti mmoja, wenzake humcheka. Mfasiri hulipwa.

Uvivu huo ndio unaowapa nguvu wanaodai kwamba mambo haya ni ya kigeni na ndiyo maana Kiswahili hakina majina yake. Dai hilo halina miguu. Pwani ina hanithi, ina basha, ina msagaji, ina huntha, wala hakuna hata moja lililoletwa na shirika la misaada. Kosa ni kuyakoroga. Huntha ni aliyezaliwa na viungo visivyobainisha ume wala uke. Mafakihi wamemjadili kwa karne nyingi, arithi fungu gani na asimame safu ipi. Hilo ni jambo la mwili, wala halisemi lolote juu ya mapenzi yake. Shoga, kwa mwanamke wa Unguja, ni rafiki yake wa kike wa chanda na pete. Mgeni wa bara akilisikia uani hushtuka bure. Na jinsia yenyewe, ukimuuliza Mswahili aliyelowea Maskati kwa Kiarabu cha huko, atakutolea pasipoti, kwani kwao jinsiya ni uraia.

Bara nako si kutupu. Peter Rigby, aliyetafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 juu ya ibada ya Wagogo ya kuitakasa nchi inapopatwa na balaa. Wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika mikuki, huchunga ng'ombe, kisha hucheza ngoma ya kulitupa balaa nje ya mipaka. Vazi na kazi vyageuka kwa siku hizo. Mwili haugeuki, na hakuna anayeuliza habari za matamanio yao. Wagogo hawakuhitaji warsha ya hoteli kutenganisha mambo hayo matatu.

Dodoma hiyo hiyo ndiko linakokaa Bunge, na huko neno ovyo lina bei. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikifanya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kwa Waingereza, kiwe na adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu hicho hakimtaji shoga wala hanithi. Chataja tendo lililo "kinyume cha maumbile", na chaweza kumnasa hata mwanamume aliye na mwanamke. Ukali wake una mjadala wake; lakini chahukumu tendo. Mwaka 2021 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi mfasiri atakayeandika hapo "mwenye mwelekeo wa kijinsia" fulani, au "mtu wa jinsia" fulani, atakuwa amemtia mtu gerezani kwa alivyo, jambo ambalo Bunge halikulipigia kura.

Jinsi ibaki ya mwili. Jinsia ibaki ya nafasi ya mtu katika jamii na anavyojijua ndani yake. Matamanio yaitwe matamanio. Ni neno la Kiswahili na washairi hawajawahi kulionea haya. BAKITA na BAKIZA wanaweza kulimaliza hili kwa vikao vichache, wakiwaita tabibu, fakihi na hakimu. Na kabla ya hao, wale wanaobandikwa majina haya, waulizwe wenyewe hujiitaje.