Toronto na Wachezaji Huru: Funzo Kutoka Mpaka wa Kanada na Marekani

Kanada na Marekani ni majirani wenye mpaka mrefu kuliko mpaka wowote baina ya nchi mbili duniani, lakini katika mchezo wa magongo ya barafuni mpaka huo hauonekani. Ligi yao moja, NHL, ina timu 32: 25 za Marekani na 7 za Kanada. Wakanada huuhesabu mchezo huu kuwa urithi wao; hata hivyo, tangu Montreal ilipotwaa Kombe la Stanley mwaka 1993 hadi msimu ulioisha 2025, hakuna timu ya Kanada iliyolitwaa tena. Basi kila nyota avukapo mpaka kwenda kusini, huzuka kilio cha taifa zima. Kilio cha namna hiyo kilisikika mwaka 2025, Mitch Marner alipoihama Toronto Maple Leafs. Tunaona yafaa kukichunguza, kwa kuwa kinahusu jambo ambalo kila kikosi hulijua: ni nini kimfungacho mtu na wenzake.

Kwanza tueleze utaratibu. Mchezaji kijana, hata mkataba wake ukiisha, hubaki chini ya haki za klabu yake, nayo yaweza kumzuia kwa kulipa dau lilelile alilopewa na timu nyingine. Lakini afikapo umri wa miaka 27, au akitimiza misimu 7 ya utumishi, mkataba ukimalizika huwa mchezaji huru. Soko hufunguliwa tarehe 1 Julai, naye huenda apendako, na klabu ya zamani haidai hata senti moja.

Juu ya hayo kipo kikomo cha mishahara. Kikomo hicho kilizaliwa na ugomvi mkubwa wa wenye timu na wachezaji, uliosababisha msimu mzima wa 2004-05 kufutwa. Kilianza na dola milioni 39 kwa timu. Kwa msimu wa 2025-26 kilipandishwa hadi milioni 95.5. Maana yake ni kwamba hata klabu tajiri kama Toronto haiwezi kununua kila imtakaye. Dola anayoongezwa mmoja imetoka katika fungu la wenzake.

Sasa tuitazame Toronto yenyewe, ambayo ilitwaa kombe mara ya mwisho mwaka 1967. Marner, mzaliwa wa Markham karibu na jiji hilo, alichaguliwa na klabu mwaka 2015. Mwaka 2019, baada ya mazungumzo marefu, alipewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 65. Ndani yake kilitiwa kifungu kilichoanza kutumika Julai 2023, kwamba hatahamishwa bila ridhaa yake. Klabu ingeweza kumhamisha kabla ya siku hiyo na kupata wachezaji wa maana, lakini ilimbakiza. Kuanzia Julai 2024 sheria iliruhusu kumwongezea mkataba. Mwaka mzima ukapita bila mapatano. Machi 2025 iliripotiwa kwamba klabu ilitaka kumhamishia Carolina, naye hakuridhia. Hapo silaha zote zilikuwa mkononi mwa mchezaji.

Mwishowe, soko lilipokaribia kufunguliwa, alihamia Vegas Golden Knights kwa mkataba wa miaka 8 na dola milioni 96. Kwa sheria za wakati huo, miaka 8 ilitolewa na klabu ya zamani tu; timu mpya haikuweza kuzidi 7. Toronto ikaitumia nafasi hiyo ya mwisho kujipatia mchezaji mmoja, Nicolas Roy. Kwa mtu aliyefunga na kusaidia mabao 741 katika michezo 657, hayo yalikuwa masalia.

Wako wasemao kwamba sababu ni kodi, kwa kuwa Nevada haitozi kodi ya mapato ya jimbo, ilhali Ontario, kodi za jimbo na za serikali kuu zikijumlishwa, mwenye kipato kikubwa hukatwa zaidi ya nusu ya kila dola ya juu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Siku chache kabla yake John Tavares, mwana wa Ontario vilevile, alikubali kubaki Toronto kwa wastani wa dola milioni 4.38 kwa mwaka, ilhali mkataba wake uliotangulia ulimpa milioni 11. Kodi ni ileile, mji ni uleule, lakini watu wawili waliamua mambo mawili. Na Tavares huyu mwaka 2018 aliiacha New York Islanders akiwa huru, nayo haikupata chochote. Toronto ilishangilia siku ile.

Kwa hiyo hatuungani na mashabiki waliomwita Marner msaliti. Alitimiza muda wake wote na kucheza mpaka siku ya mwisho. Sisi wenye kiapo hatuna budi kutenganisha mambo haya: atorokaye lindo amevunja kiapo, aondokaye baada ya kumaliza mkataba hajavunja kitu. Kumlaumu ni kuficha kosa la viongozi waliotoa kifungu kizito, kisha wakaacha saa yake ipite.

Majeshi na polisi wa nchi nyingi nao hupoteza marubani, madaktari na mafundi waliotimiza muda wao, wakavutwa na mishahara ya makampuni. Mara nyingi swali la kama wangependa kubaki huulizwa wakati barua ya kuaga iko mezani. Kamanda mwenye busara hulitanguliza swali hilo mwaka mmoja au miwili kabla, wakati bado ana kitu cha kutoa na mtu wake bado ana sababu ya kusikiliza.